Seva ya gemu nyumbani: kuwakaribisha marafiki kwenye dunia yenu ya Luanti

Sisi tuliosoma pamoja Tanga tumetawanyika kama sufi ya msufi. Mmoja yuko Dar, mwingine Arusha, wawili wamevuka mpaka wako Mombasa, na binamu yangu anafanya kazi Muscat. Jumamosi baada ya Isha tunakutana kwenye kijiji tulichokijenga wenyewe ndani ya Luanti, programu ya gemu za kujenga dunia: kina bandari, kina msikiti, kina soko ambalo bado halijaezekwa. Kijiji hicho kinaishi ndani ya seva yetu, yaani kompyuta inayowapokea wachezaji wote: laptopu kuukuu iliyo juu ya rafu sebuleni kwangu, pembeni ya ruta. Hailipiwi kodi kwa mwezi, na hakuna mgeni anayeingia bila sisi kumjua.

Nimeandika mwongozo huu kwa yeyote anayetaka kitu kama hicho. Si kazi ngumu, ila ina sehemu moja inayowakwamisha wengi wa huku kwetu, na kwa kawaida miongozo huigusa mwishoni kabisa, baada ya mtu kumaliza saa nne akisakinisha programu. Sehemu hiyo ni mtandao wako. Mimi nilipoteza jioni mbili nikifungua poti (njia yenye namba ambayo data huingilia) kwenye ruta, nikiizima na kuiwasha, nikiwasumbua watu Mombasa wajaribu tena na tena, kumbe intaneti niliyokuwa nayo wakati ule haikuwa na njia ya kuingilia hata kidogo. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Je, nyumba yako ina mlango?

Kila kinachotaka kufikiwa kwenye intaneti kinahitaji anwani ya IP ya hadharani. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, nazo karibu zote zimekwisha kugawiwa. AFRINIC, shirika linalogawa anwani kwa Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020. Kampuni za mtandao zinafanyaje? Zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja.

Fikiria jengo la ghorofa lenye geti moja na mlinzi mmoja. Mpangaji akitoka, mlinzi humkumbuka, na akirudi humfungulia. Lakini mgeni akija kutoka nje aseme tu "nimekuja kwa Juma", bila namba ya nyumba, mlinzi hajui Juma yupi. Anamrudisha. Mtandao wa simu karibu wote uko hivyo, ruta za laini ya simu ziko hivyo, Starlink ya nyumbani iko hivyo kwa kawaida, na baadhi ya fiba nazo ziko hivyo. Mafundi huita mpango huo CGNAT. Kutazama video hakuathiriki, kwa sababu wewe ndiye unayetoka kwanza. Seva inaathirika, kwa sababu wageni ndio wanaokuja.

Kupima ni dakika tano:

1. Kwenye kompyuta iliyounganishwa na ruta yako, fungua kivinjari uandike anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Jina na nywila huwa zimebandikwa chini ya ruta.
2. Tafuta ukurasa wa hali ya mtandao, penye neno WAN, yaani upande wa nje wa ruta. Andika anwani ya IP unayoiona hapo.
3. Sasa tafuta kwenye Google "what is my ip", ufungue tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako. Hakikisha ni ile ya IPv4, yenye namba nne zilizotenganishwa na nukta.
4. Linganisha.

Zikifanana, una mlango wako mwenyewe. Zikitofautiana, huna. Na hata bila kulinganisha, anwani ya WAN ikianza na 10, au 192.168, au 172.16 hadi 172.31, au iwe kati ya 100.64 na 100.127, jua kuna geti la kampuni mbele yako. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kazi hii hii.

Ukikuta huna mlango, usikate tamaa wala usiiguse ruta. Baadhi ya kampuni hukupa anwani ya hadharani ukiomba, nyingine kwa malipo ya ziada kila mwezi. Piga simu uulize hivi: "Naomba anwani ya IP ya hadharani, niko nyuma ya CGNAT." Ukilitaja neno hilo huenda mhudumu akakupeleka moja kwa moja kwa fundi. Wakikataa, iko njia ya pembeni, na nitaieleza huko mbele. Mimi mwenyewe niliitumia karibu mwaka mzima.

Kwa nini Luanti

Minecraft ndiyo inayojulikana, na kama marafiki zako wote wameinunua, itumieni. Toleo la Java husikiliza kwenye poti 25565 ya TCP, la Bedrock 19132 ya UDP (TCP na UDP ni kanuni mbili za kusafirisha data), na karibu yote nitakayosema kuhusu ruta, umeme na nakala yanafanya kazi kwake vilevile. Lakini katika kundi langu wawili tu ndio walioinunua. Wengine wana simu za Android za kawaida, na siwezi kumwambia mtu anunue gemu ili aje kukaa na sisi.

Luanti ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ilianzishwa Finland mwaka 2010 na Perttu Ahola, ikaitwa Minetest kwa miaka mingi, ikabadilishwa jina Oktoba 2024. Jina jipya limechezea neno la Kifini *luonti*, yaani uumbaji, pamoja na Lua, lugha ya programu inayotumika kuandikia mod zake, yaani nyongeza za gemu. Inapatikana Windows, Linux na Android, kwenye Google Play na F-Droid. Kwenye mipangilio ya lugha Kiswahili kimo, ingawa tafsiri haijakamilika, na anayejua lugha zote mbili anaweza kusaidia kuimalizia.

Jambo moja la kulielewa mapema: Luanti yenyewe ni injini. Gemu unalichagua ndani yake. Anayetaka kitu kinachofanana na Minecraft achukue Mineclonia au VoxeLibre. Sisi tuko Mineclonia.

Kompyuta, umeme na joto

Kwa watu watano hadi wanane, laptopu yoyote ya miaka kumi iliyopita yenye RAM ya GB 4 inatosha. Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, nayo inatosha. Kama una laptopu iliyovunjika kioo na imelala kabatini, hiyo ndiyo seva yako.

Napendekeza laptopu kuliko kompyuta ya mezani kwa sababu moja kubwa: betri. Umeme ukikatika, laptopu haizimiki ghafla, na dunia yenu haikatwi katikati ya kuandikwa kwenye diski. Hata betri iliyochoka ya dakika ishirini inatosha kuzima seva kwa utaratibu. Ruta haina betri, kwa hiyo kama mna mazoea ya umeme kwenda na kurudi, nunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta. Hakikisha volti zake zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta yako, mara nyingi 12V.

Gharama ya umeme piga hesabu mwenyewe. Laptopu inayokula wati 25 ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30 inamaliza yuniti 18. Kompyuta ya mezani ya wati 100 inamaliza yuniti 72. Ukiiwasha kwa muda wa saa nne tu kila jioni, laptopu hiyo hiyo inakula yuniti 3 kwa mwezi. Sisi tulianza na saa za jioni, na sikuona sababu ya kuiwasha muda wote hadi watu walipoanza kuomba kujenga asubuhi.

Pwani kuna joto na unyevu wa chumvi. Usiiweke laptopu juu ya kitambaa wala ndani ya kabati. Iweke mahali pagumu, iinue kidogo nyuma ili hewa ipite chini, na kila baada ya miezi michache ipulize vumbi kwenye feni. Kisha kwenye mipangilio ya umeme uiambie isilale, na ikifunikwa isifanye lolote. Kwenye Linux, hilo la kifuniko liko kwenye faili `/etc/systemd/logind.conf`: weka `HandleLidSwitch=ignore`, halafu washa kompyuta upya.

Iunganishe na ruta kwa waya. Wi-Fi inafanya kazi, lakini ukuta mmoja wa tofali na microwave ya jirani vinatosha kuwafanya marafiki waone wanarukaruka.

Kusakinisha na kuanzisha dunia

Pakua Luanti kutoka luanti.org, au kwenye Linux uisakinishe kutoka kwenye hazina ya mfumo wako. Matoleo ya zamani ya Debian na Ubuntu bado yanaiita `minetest`. Ifungue, nenda sehemu ya "Content", halafu "Browse online content", utafute Mineclonia na kuisakinisha. Rudi "Start Game", chagua alama ya Mineclonia chini, bonyeza "New", uipe dunia jina. Yetu inaitwa `kijiwe`.

Kwa jaribio la kwanza weka alama kwenye "Host Server", andika jina na nywila yako, poti iache 30000, kisha bonyeza "Host Game". Usiweke alama kwenye "Announce Server", kwani hiyo huitangaza seva yako kwenye orodha ya dunia nzima.

Sasa chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi ile ile. Sakinisha Luanti, nenda sehemu ya kujiunga na gemu, andika anwani ya ndani ya laptopu. Utaipata kwa `ipconfig` kwenye Windows au `ip a` kwenye Linux, kitu kama 192.168.1.50. Poti 30000. Chagua jina, jisajili, ingia. Kama hapa haikubali, tatizo liko kwenye kompyuta, halina uhusiano na mtandao wa nje. Karibu kila mara ni ukuta wa moto (firewall), unaozuia wanaojaribu kuingia. Kwenye Windows ruhusu Luanti unapoulizwa, kwa mtandao wa binafsi; kwenye Linux yenye ufw andika:

`sudo ufw allow 30000/udp`

Nasisitiza UDP. Luanti haitumii TCP kwa mchezo, na nimeona watu wakifungua TCP peke yake kisha wakashangaa.

Kuendesha kwa njia hiyo ya "Host Game" kuna kasoro moja: ukitoka kwenye mchezo, seva nayo inazimika na wote wanatupwa nje. Kwa hiyo hatua ya pili ni kuiendesha seva peke yake bila picha. Kwenye Linux:

`luanti --server --world ~/.minetest/worlds/kijiwe`

Kwenye Windows fungua PowerShell ndani ya folda ya `bin`, uandike:

`.\luanti.exe --server --console --world "njia ya folda ya dunia yako"`

Hujui folda iko wapi? Ndani ya Luanti, sehemu ya "About", kuna kitufe cha kufungua folda ya data zako. Ndani yake kuna `worlds`, na humo utaikuta `kijiwe`. Humo humo kwenye folda ya data kuna faili la `minetest.conf`. Lifungue kwa Notepad au nano, uweke mistari hii, na kama mstari upo tayari ubadilishe thamani yake tu:

```
name = jinalako
port = 30000
server_announce = false
max_users = 8
disallow_empty_password = true
default_privs = shout
motd = Karibu kijiweni. Usivunje cha mtu.
```

Jina unaloandika kwenye `name` ndilo linalopewa mamlaka yote, kwa hiyo liwe lile lile unalochezea, na lisajili wewe kabla hujampa mtu yeyote anwani. Luanti humpa jina anayelisajili wa kwanza. Mstari wa `default_privs` nitaurudia.

Mwenye Linux anayetaka seva iamke yenyewe kompyuta ikiwashwa, atengeneze faili `/etc/systemd/system/kijiwe.service`:

```
[Unit]
Description=Seva ya kijiwe
After=network-online.target

[Service]
User=seva
ExecStart=/usr/bin/luanti --server --world /home/seva/.minetest/worlds/kijiwe
Restart=on-failure

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Badilisha jina la mtumiaji na njia ziendane na zako. Amri ya `which luanti` itakuonyesha programu iko wapi. Kisha `sudo systemctl enable --now kijiwe`.

Kwa mwenye mlango: kufungua poti

Kwanza, laptopu ipewe anwani ya ndani isiyobadilika. Kwenye ruta tafuta sehemu ya DHCP, inayogawa anwani za ndani, penye kuhifadhi anwani, uichague laptopu yako na kuifungia anwani yake, tuseme 192.168.1.50. Ukiruka hatua hii, siku moja ruta itazimika, simu ya mtu itachukua ile .50, na seva itapotea bila sababu inayoonekana.

Pili, tafuta sehemu inayoitwa "Port Forwarding", au "Virtual Server" kwenye ruta nyingine. Ongeza kanuni moja: UDP, poti ya nje 30000, poti ya ndani 30000, kwenda 192.168.1.50. Hifadhi. Ishia hapo. Kuna wanaoshauri kuiweka laptopu kwenye DMZ, yaani kuifungulia poti zote, ili kumaliza usumbufu; hiyo ni sawa na kung'oa mlango wa nyumba kwa sababu ufunguo umegoma. Fungua hiyo moja unayoihitaji.

Tatu, jaribu kutoka nje. Usijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani kwa kutumia anwani ya hadharani, kwa sababu ruta nyingi haziruhusu safari ya kutoka na kugeuka kurudi ndani. Zima Wi-Fi kwenye simu, tumia bando, uandike ile anwani ya hadharani. Na usiamini tovuti za kupima poti: nyingi hupima TCP tu, zitakuambia imefungwa wakati rafiki yako yuko ndani anachimba.

Anwani ya hadharani hubadilika ruta ikizimwa, mara nyingi. Jisajili DuckDNS, huduma inayolifunga jina na anwani yako inayobadilika, ni bure, uchukue jina kama `kijiwechetu.duckdns.org`, kisha uweke kwenye laptopu ile amri yao fupi inayopeleka anwani mpya kila dakika tano. Marafiki wanakariri jina, hawahitaji kujua namba.

Kwa asiye na mlango: njia ya pembeni

Hapa wazo ni moja: badala ya kungoja mgeni aje getini, laptopu yako inatoka yenyewe kwenda kukutana na wageni mahali fulani nje. Mlinzi hana neno, kwa sababu wewe ndiye uliyeanza kutoka.

Njia ninayoipenda kwa kundi dogo ni Tailscale, programu ya VPN inayounganisha vifaa vyenu kwenye mtandao wa faragha. Unaisakinisha kwenye laptopu ya seva, na kila rafiki anaisakinisha kwenye simu au kompyuta yake kwa akaunti yake. Kwenye ukurasa wako wa usimamizi unaichagua ile laptopu na kumtumia rafiki kiungo cha kushirikiana nayo. Yeye anaiona mashine hiyo moja tu, haoni kingine nyumbani kwako. Kwenye Luanti anaandika anwani ya laptopu anayoiona ndani ya Tailscale, inayoanza na 100. Usichanganyikiwe ikifanana na ile ya CGNAT. Wanatumia fungu lile lile la namba.

Tailscale hujaribu kuwaunganisha moja kwa moja. Ikishindikana, data hupitia kituo chao cha katikati, na kimojawapo kipo Nairobi, jambo ambalo kwa watu wa Tanga na Mombasa ni nafuu kubwa kuliko kupitia Ulaya. Ina usumbufu wa aina mbili: Android inaruhusu VPN moja kwa wakati, kwa hiyo anayetumia nyingine lazima aizime kwanza, na kila rafiki lazima asakinishe kitu cha ziada. Mmoja wetu aliyeko Mombasa alishindwa mara tatu kabla hajapigiwa simu na kuelekezwa hatua kwa hatua. Panga muda wa simu hiyo.

Kama marafiki ni wengi au hawataki kusakinisha chochote, tumia playit.gg, huduma inayowapokea wageni nje kwa niaba yako. Programu yake inakaa kwenye laptopu yako peke yake. Unatengeneza njia ya UDP inayoelekea poti 30000, wanakupa jina na namba ya poti, na hizo ndizo unazowagawia watu. Soma vizuri namba hiyo ya poti, kwa sababu haitakuwa 30000. Data yote hupitia kwenye mitambo yao, kwa hiyo kuchelewa kunategemea mtambo ulio karibu nanyi. Kwa kujenga na kulima hamtaona tatizo. Kwa kupigana mishale, mtaona.

Bando la mgeni

Hili halizungumzwi, na linaumiza watu. Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi. Kinachokula ni mara ya kwanza: rafiki akiingia, seva humtumia picha na sauti zote za gemu na za kila mod uliyoongeza. Baadaye simu yake huzihifadhi, hazitumwi tena mpaka zibadilike. Kwa hiyo mwambie aingie mara ya kwanza akiwa kwenye Wi-Fi mahali fulani, na wewe usirundike mod kwa sababu tu zipo. Mod thelathini ni furaha kwako uliye na fiba, na ni bando la wiki kwa mwenzako. Ukipunguza `max_block_send_distance` hadi 6 kwenye `minetest.conf`, seva itatuma eneo dogo zaidi kumzunguka kila mchezaji. Mandhari ya mbali yatapotea, lakini laini dhaifu zitapumua.

Upande wako, kinachohesabika ni kasi ya kupakia, siyo ya kupakua. Watu wakilalamika, andika `/status` ndani ya mchezo uangalie "max lag". Ikiwa karibu na sehemu ya kumi ya sekunde, kompyuta yako haina tatizo na mtafute mchawi kwenye mtandao. Ikipita sekunde moja, laptopu imeelemewa: ondoa mod, au angalia kama kuna mtu amefuga kuku mia mbili kwenye banda moja. Kwetu ilikuwa kuku.

Nani afanye nini

Ule mstari wa `default_privs = shout` maana yake ni kwamba mgeni mpya anaweza kuingia, kutembea na kuongea, lakini hawezi kuvunja wala kuweka kitu. Ukishamtambua kwa sauti au kwa ujumbe wa WhatsApp, unaandika:

`/grant juma interact`

Tangu hapo ni mwenyeji. Kwangu hii ni bora kuliko kuficha anwani, kwa sababu anwani husambaa tu. Mdogo wa mtu ataiona, atampa mwenzake. Atakayesumbua unamnyang'anya kwa `/revoke juma interact`, au unamtoa kwa `/kick`, au unamfungia kwa `/ban`. Aliyesahau nywila unampa mpya kwa `/setpassword`.

Washa pia `enable_rollback_recording = true`. Seva itaandika nani kavunja nini, na `/rollback juma 600` itarudisha aliyoyafanya kwa dakika kumi zilizopita. Tuliitumia siku mtoto wa dada wa mmoja wetu alipoichukua simu na kupeleka moto kwenye bandari. Kumbukumbu hizo hukua, kwa hiyo angalia nafasi ya diski mara mojamoja.

Kama watakuwepo watoto, kaa nao siku za mwanzo. Seva ni nyumba yako na maongezi yanayofanyika humo yako chini ya dari yako.

Nakala kabla ya mwaliko

Dunia nzima ni ile folda moja ya `kijiwe`. Ramani iko kwenye `map.sqlite`, akaunti na nywila kwenye faili jirani. Zima seva kwanza kwa `/shutdown`, au kwa `sudo systemctl stop kijiwe` ukitumia ile huduma ya systemd, kisha nakili folda yote kwenda kwenye flashi au diski nyingine, uipe jina lenye tarehe: `kijiwe-2025-03-15`. Kunakili wakati seva inaandika kunaweza kukupa faili bovu ambalo utaligundua siku unayolihitaji. Mimi hunakili kila Jumapili asubuhi, nabaki na nakala nne za mwisho, na moja inakaa nje ya nyumba, kwa rafiki wa Dar.

Na ijaribu nakala yako. Ifungue kwenye kompyuta nyingine, uingie, utembee hadi mahali unapopajua. Ikiwa msikiti upo na taa zinawaka, imekubali.

Ukifika hapo, uko tayari kuwaita. Ujumbe wetu kwenye kundi ulikuwa huu:

"Wakuu, kijiwe kimefunguliwa. Sakinisheni Luanti kutoka Play Store, toleo la sasa hivi. Anwani: kijiwechetu.duckdns.org, poti 30000. Chagueni jina moja mbaki nalo, wekeni nywila msiyotumia kwingine. Mara ya kwanza ingieni mkiwa kwenye Wi-Fi, itapakua vitu. Mkishaingia mtaona hamwezi kuchimba, ni kawaida, niandikieni hapa jina lenu niwafungulie. Seva inawaka saa 2 usiku hadi saa 6. Ikikatika ghafla ni umeme, subirini dakika kumi mjaribu tena. Soko halina paa, mwenye mbao aje nazo."